Zamu ya Binti Kusema

Wiki iliyopita tulimwacha Sista mlangoni, mkono kwenye kitasa, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na sauti ya msichana ikitoka mle chumbani:

"Mimi ni mlevi. Leo natimiza miezi saba sijagusa."

Mmeniuliza sana sauti ile ilikuwa ya nani. Ninyi mlitaka kujua. Sista alitamani asijue.

Ilikuwa ya bintiye.

Bintiye wa pekee, ambaye asubuhi ile ile alimwambia kwa simu kwamba yuko chuoni, maktaba, anasomea mtihani wa upimaji ardhi. Kumbe maktaba yenyewe ni hii, na kitabu ni yeye mwenyewe.

"Mama?"

"Unafanya nini hapa?"

Waliulizana kwa pamoja.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikudokeze haraka. Sista ni nesi wa wodi ya wazazi, miaka ishirini na miwili kazini, mikono yake imepokea watoto wasiohesabika. Ni mlevi pia, ila hilo alidhani ni siri. Mtu akamwandikia metroni, mkuu wa manesi, barua isiyo na jina, na metroni akamwita ofisini akafunga mlango.

"Jumatatu ya mwisho wa mwezi nataka barua kutoka kikundi cha walioacha pombe, imesainiwa, kwamba unahudhuria. Usipoileta, faili lako linakwenda Baraza la Wauguzi. Leseni uisahau."

Wiki tatu Sista alikitafuta kikundi hicho. Karatasi kwenye ubao wa matangazo ilikuwa imechanwa pale pale penye namba. Namba aliyopewa na mlinzi ikapokelewa na muuza magodoro. Ukumbi alioelekezwa aliingia, akapewa chai, akakaa nusu saa nzima akiguswa moyo na ushuhuda wa watu, mpaka mama mmoja aliposimama kutangaza kwamba amepungua kilo nne. Lilikuwa kundi la wanene.

Leo Jumamosi, saa tisa alasiri, ndiyo kakipata. Darasa la chekechea, nyuma ya duka la matairi.

"Ingia ufunge mlango, vumbi linaingia," alisema mwanamume mwenye mikono myeusi ya oili. "Hapa hatuulizani majina. Mimi wananiita Nati, ni fundi magari. Nina miaka tisa sijaonja. Huyu ni Kinyozi. Yule pale Mwalimu Mstaafu. Na huyu ni Ramani, katibu wetu."

"Katibu?" Sista alimkodolea macho bintiye. "Wewe ndiye katibu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndiye unayesaini barua?"

"Ndiyo, Mama."

Nati aliwatazama, akamtazama huyu, akamtazama yule, akajikuna kisogo. "Kumbe," alisema.

Viti vilikuwa vile vya watoto. Sista aliketi, magoti yakakaribia kugota kidevu. Ukutani herufi za rangi zilimwangalia.

"Sikuja kukaa," alisema. "Nimekuja kusainiwa tu."

Kinyozi akacheka mpaka kiti kikalia. "Shangazi, wote humu tulikuja kusainiwa tu. Mimi alinileta hakimu. Huyu Mwalimu kaletwa na mkewe, akiwa kamshika ukosi."

"Ramani alikuwa hajamaliza," alisema Mwalimu Mstaafu kwa upole. "Zamu ni yake. Na kanuni yetu moja tu, mama: mwenye zamu hakatizwi."

Bintiye alishika daftari la mahudhurio mapajani. Vidole vilikuwa vyeupe kwa kulibana.

"Nilikuwa nasema jinsi nilivyoanza," alisema. "Naweza kuruka hapo."

"Usiruke," alisema Nati.

Basi hakuruka.

"Nilianza nina miaka kumi na mitatu. Nyumbani kulikuwa na chupa ya dripu, juu ya kabati la vyombo. Mama alisema ni dawa ya kuoshea vidonda. Nikaionja. Nikairudia. Kila nikinywa, najazia maji. Siku moja Mama akagundua dawa imepungua ukali. Akamfukuza dada wa kazi."

"Yule dada alikuwa mwizi!" Sista aliruka.

"Mama, hakatizwi," alisema Kinyozi.

"Alikuwa mwizi wa nini?" Bintiye hakupandisha sauti. "Alilia akaapa kwa marehemu baba yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilikuwa na umri wa kusema, na sikusema. Kwa hiyo hilo ni langu, sikutupii wewe."

Sista alitia mkono mfukoni, akatoa karafuu, akaitupa mdomoni. Ni tabia yake ya miaka. Asubuhi ile alikuwa amekunywa, kidogo tu, ya kutuliza mikono. Walevi wote hunywa kidogo tu. Tatizo ni kwamba kidogo hicho hakina mwisho.

Bintiye aliiona karafuu ile.

"Nyumba yetu yote ilikuwa inanuka karafuu," alisema. "Nilikua nikidhani ndiyo harufu ya mama. Nilipofika chuoni nikikumbuka nyumbani, nilikuwa natafuna karafuu na kunywa. Chuo kikanisimamisha mwaka jana."

"Mwaka jana?" Sista alisahau kanuni. "Na ada? Na mitihani? Kila Jumapili unaniambia—"

"Kila Jumapili nakudanganya, na hujawahi kuniuliza swali la pili. Nimepanga chumba mtaa wa pili kutoka hapa, Mama. Nafanya kazi duka la kutoa kopi. Umeshapita pale mara mbili. Mara ya pili ulisimama kaunta ukaniomba kalamu, ukaandika, ukanirudishia, ukasema, 'Asante, binti.'"



Hapo, ndugu msomaji, mtu mwingine angeshuka chini akaomba radhi. Sista hakuwa mtu mwingine. Aliogopa, na akiogopa huwa anang'ata.

"Umemaliza? Basi nisainie karatasi yangu niende."

"Sijamaliza. Bado ile barua."

"Barua gani?"

"Ya metroni."

Mnaikumbuka barua ile. Mnakumbuka pia Sista alivyoapa kwamba mwandishi wake ni Bi Chanjo, nesi wa chumba cha chanjo, rafiki yake wa miaka kumi na mitano. Na mnakumbuka alichomfanyia: alimfuata mbele ya foleni ya kina mama waliobeba watoto wao, akamwita mchawi, akamwita mgumba mwenye wivu wa matumbo ya wenzake. Bi Chanjo hakujibu. Aliweka sindano kwenye sinia, akavua koti, akaenda kuomba uhamisho.

"Barua niliandika mimi," alisema bintiye.

"Muongo."

"Niliichapa pale dukani, saa ya chakula cha mchana."

"Muongo! Bi Chanjo alikuwa na sababu. Wewe una sababu gani? Mimi ni mama yako!"

"Sista, kaa," alisema Nati.

"Sikai!"

"Nilikuja wodini," bintiye aliendelea. "Nilikuja kukuambia nimesimamishwa chuo, nakunywa, nisaidie. Nilifanya mazoezi njia nzima jinsi ya kulisema. Nikakukuta chumba cha mizani. Umekaa, umesinzia, mtoto yuko mapajani. Hata kitovu hakijakauka. Anateleza, Mama. Kichwa ndicho kilitangulia. Nilimdaka akiwa shubiri moja kutoka sakafuni."

"Halikutokea hilo."

"Nilipomdaka ulifumbua jicho moja. Unajua uliniambia nini?"

Sista alitikisa kichwa. Hakuwa akikataa tena. Alikuwa akitafuta kichwani mwake, chumba kwa chumba, na kila chumba alikikuta giza.

"Uliniambia, 'Nesi, andika kilo tatu.' Ukalala tena."

Mwalimu Mstaafu alivua miwani. Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Nikamlaza mtoto kwenye kitanda chake, nikatoka," alisema bintiye. "Siku ile ndiyo niliacha. Barua sikuiandika siku hiyo, nilikusubiri. Nilikusubiri miezi sita, Mama, labda utaacha mwenyewe. Hukuacha. Nikaandika. Na leo umekuja umekunywa, nainusa kutoka hapa. Siwezi kusaini kwamba umehudhuria wakati mtu aliyehudhuria ni pombe. Sisaini."

Miaka ishirini na miwili ya kazi ilimpita Sista mbele ya macho. Koti jeupe. Funguo za kabati la dawa. Kina mama wanaomsimamisha sokoni wakimwonyesha vijana warefu: huyu ndiye uliyemzalisha.

Akasema neno. Nalileta kama lilivyosemwa, kwa sababu nikilipunguza nitakuwa nawadanganya.

"Bora ungedondoka wewe, siku niliyokuzaa."



Bintiye alisimama. Aliliweka daftari juu ya kile kiti kidogo, akaweka na kalamu juu yake, vizuri, kama mtu anayekabidhi zamu. Akapita katikati yao akatoka. Mlango haukubamizwa. Ungebamizwa ingekuwa nafuu.

"Haya," alisema Nati. "Sasa mfuate."

"Nimfuate wapi? Sijui anakoishi."

"Mtu wa miezi saba akitoka mlangoni na neno kama lile kifuani, haendi anakoishi. Wewe unajua anakokwenda. Unajua kuliko sisi, sisi tumeshaanza kusahau njia."

Sista alijua.

Alitoka mbio. Alipita duka la matairi, akapita dobi, akapita fundi simu, akakunja kona ya pili. Hakuuliza mtu. Mlevi hata umpeleke mji mgeni na kitambaa machoni, baa ya karibu ataifikia kabla hajaijua stendi. Na baa hii haikuwa ngeni. Ilikuwa yake.

Ndani viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, sakafu imetoka kupigwa deki. Runinga ilionyesha mpira bila sauti. Mteja alikuwa mmoja tu.

Bintiye alikuwa amekaa kaunta, glasi iliyojaa mbele yake, mikono juu ya mapaja.

"Sista!" Mwenye kaunta, ambaye walevi wote humwita Mjomba, alikunjua uso kwa furaha. "Umeadimika! Ile ile?"

Hakungoja jibu. Aliimimina ile ile, akaisukuma mbele ya kiti cha Sista, kiti alichokikalia miaka. Hata bintiye alikijua ni kipi, maana alikuwa amekiacha wazi.

"Sijainywa," alisema bintiye bila kugeuka. "Bado. Tunazungumza kwanza, mimi nayo."

"Mwanangu, twende."

"Kaa, Mama. Yako hiyo imeshafika. Tunywe wote. Hatujala meza moja tangu lini? Basi tunywe meza moja."

"Yale niliyosema..."

"Ndiyo. Yale."

"Zilikuwa hasira."

"Hasira au pombe?"

Sista alitazama ile glasi yake. Ilikuwa inamtazama pia.

"Pombe," alisema.

"Leo umekunywa kiasi gani?"

"Kido—" Hakulimaliza neno hilo. Alilimeza. "Nusu chupa. Kabla ya saa nne asubuhi. Nyingine niliificha ndani ya ndoo ya nguo chafu, niimalizie nikirudi."

Bintiye aligeuka akamwangalia, kwa mara ya kwanza tangu darasani. Macho yalikuwa mekundu, lakini kuna kitu kililegea usoni.

"Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli umenipa tangu nizaliwe," alisema.

"Naogopa, mwanangu. Nikiacha, mikono inatetemeka, siwezi kumshika mtoto wa mtu. Nikinywa ndiyo inatulia. Utaniambia nifanye nini?"

"Sijui, Mama. Mimi nilitapika siku nne sakafuni kwa Nati, mkewe akinifuta uso kama mtoto. Sijui kingine."

Sista akamshika mkono. Mkono wa bintiye ulikuwa wa baridi, na haukuondolewa. Wangekaa hivyo dakika tano zaidi, hadithi hii ingekuwa nyingine, na mimi ningekuwa natafuta kazi nyingine.

Lakini mkono wa pili wa bintiye ulikwenda kwenye glasi.

Sista aliuona. Uliigusa glasi, vidole vikaizunguka. Moyo wa mama ukaruka, na mwili ukafanya jambo pekee ulilolijua vizuri. Aliinyakua ile glasi mkononi mwa mwanawe, akainua kichwa, akainywa yote mpaka tone la mwisho.

Akaibwaga kaunta tupu.

"Haya!" alisema, akihema. "Nimeinywa mimi ili usiinywe wewe!"

Ukweli mchungu ni kwamba ilikuwa tamu. Ilishuka kama mgeni anayeijua nyumba, ikawasha taa zote.

Bintiye alikuwa bado ameunyoosha ule mkono hewani, vidole vimeshika pasipo na kitu.

"Nilikuwa naisogeza, Mama," alisema polepole. "Nilikuwa naisukuma mbali, nimpe Mjomba aimwage."

Sista alifungua mdomo. Hakikutoka kitu ila harufu.

"Mwanangu..."

"Nakwenda kunawa uso."

Alitelemka kitini akaingia korido ya nyuma, kulikoandikwa VYOO kwa chaki. Mjomba naye akatoweka huko huko kidogo, akarudi na kitambaa begani. Sista alibaki na glasi mbili, moja tupu, moja imejaa, akiwaza atakaporudi atamwambia nini. Alipanga maneno. Yalikuwa mazuri. Pombe ni fundi wa maneno mazuri yasiyokwenda popote.

"Sista!"

Nati alikuwa amesimama nje, ncha za viatu vyake zimekomea kwenye kizingiti.

"Ingia," alisema Sista.

"Siingii. Miaka tisa sijavuka huu mlango, kila siku nazunguka barabara ya nyuma nisiupite. Wewe ndiye utoke. Ramani yuko wapi?"

"Yuko chooni, ananawa."

Mjomba aliinua uso kutoka kwenye glasi aliyokuwa akifuta. "Nani, yule binti wa blauzi ya njano? Huyo mbona ameshatoka kwa mlango wa nyuma."

"Ameondoka?"

"Nilidhani mmeagana. Kanifuata pale korido, kanunua chupa kubwa. Nikamuuliza unywee hapa? Akasema hapana, ya kubeba."

"Na wewe ukampa!" Sista alipiga kelele.

"Nimpe nisimpe, Sista?" Mjomba alimshangaa kwa dhati. "Wewe nimekuuzia miaka kumi, kuna siku ulitaka nikunyime?"

Sista aliruka kitini. Miguu ikamsaliti, akashika ukingo wa kaunta. Ile glasi ya kumwokoa mwanawe ilikuwa imefika magotini.

Nati alitazama korido, akatazama kizingiti. Kule nyuma hakukuwa na njia ya kuzungukia iliyo fupi kuliko hii. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayehesabu au anayeomba. Kisha akavuka. Alipita kati ya meza bila kutazama kushoto wala kulia, akamshika Sista kwapani, wakatokea nyuma.

Uchochoro ulikuwa mtupu. Makreti ya chupa, bomba linalovuja, paka. Na chini, karibu na hatua ya kwanza, kifuniko kipya cha chuma.

Sista aliinama akakiokota. Ndani kilikuwa kimelowa.

"Ameshaifungua," alisema.

Mbele yao uchochoro uligawanyika. Nati alimgeukia, na ile sauti yake ya upole ilikuwa imeisha.

"Haraka. Akiwa na uchungu, mwanao hukimbilia wapi? Ana rafiki? Kuna mahali anapenda kukaa? Alipokuwa mdogo alikuwa anajificha wapi?"

Sista alifumba macho. Alitafuta. Alikumbuka uzito wa watoto wa watu, kilo na gramu. Alikumbuka majina ya kina mama wa miaka ya nyuma, nani alizaa pacha, nani alizaa kwa kisu. Huyu wake mwenyewe, hakukumbuka hata chumba alichokuwa akikimbilia kulia.

"Sijui," alisema.

Nati alimwangalia kidogo tu.

"Basi mimi kulia, wewe kushoto. Kimbia."

Kushoto njia ilishuka moja kwa moja mpaka kwenye reli. Na treni ya saa kumi na nusu, ambayo Sista alizoea kuisikia kutoka kwenye kiti chake pale kaunta, ilikuwa imeshaanza kupiga honi.